Barua zilipokoma, deni la mama likazidi

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga. Majumbani mwetu methali hii tunaijua vyema: mtoto akinyamaza ghafla chumbani, mama huacha chungu jikoni akaenda kumtazama. Lakini ni wangapi kati yetu hushtuka kompyuta inaponyamaza?

Sisi watu watatu hutunza programu ya chama cha akina mama cha kuweka na kukopa. Mimi naishi Kisauni, mpwa wangu yuko Likoni, na kijana mwenzetu yuko Changamwe. Kukutana si rahisi. Mmoja angoje feri, mwingine akwame kwenye msongamano wa malori ya bandarini. Kwa hivyo kazi yetu tumeiweka katika ghala moja kwa kutumia Git, chombo alichokibuni Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya mafundi wa Linux waliotapakaa duniani. Ghala hilo hukumbuka ni nani aliyebadilisha mstari upi, na lini. Kila badiliko likiingia, skripti moja huamka kwenye seva na kututumia sote baruapepe.

Mwaka 2024 barua hizo zilikoma. Ukimya wenyewe ulifanana na mapumziko ya kawaida.

Kisha akaja mama mmoja muuza samaki. "Mwalimu, mbona deni langu limezidi?" Alikuwa amekopa shilingi 30,000 alipe kwa miezi 10, riba asilimia 1 kwa mwezi kwa deni lililobaki. Riba yake yote ilipasa kuwa shilingi 1,650. Programu ilimdai 3,000, kwani sasa ilipiga hesabu kwa mkopo wote, kana kwamba hajalipa hata senti. Kijana wa Changamwe alikuwa amelitia badiliko hilo kwa majaribio, akitarajia tulione kwenye barua na kulijadili. Barua haikufika kwa yeyote. Huko sokoni, minong'ono ikaanza kuwa chama kinakula pesa za watu.

"Mjomba, tusikisie," mpwa wangu akasema. "Tuifuate barua nyayo kwa nyayo."

Kwanza tulitazama kumbukumbu za ghala. Badiliko lilikuwamo, na jina na tarehe yake. Pili, je, skripti iliamka? Hapo tukaukuta mzizi wa fitina. Kampuni iliyotukodisha seva ilikuwa imetuhamishia mashine mpya bila kutuarifu. Walinakili ghala kwa amri ya kawaida ya Git, na amri hiyo huchukua kazi na historia yake tu. Skripti za kuamshwa huachwa zilikotoka. Tuliirudisha, tukaipa ruhusa ya kutenda kazi, maana bila ruhusa hiyo Git huiruka.

Tukajaribu tena. Bado kimya! Hatua ya tatu ilikuwa kusoma daftari la barua kwenye seva. Barua sasa zilitoka, lakini mpokeaji alizikataa mlangoni. Tangu Februari 2024, Google humtaka kila atumaye barua kwa anwani za Gmail awe na uthibitisho wa SPF au DKIM. SPF ni orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako. Orodha yetu ilikuwa ingali na nambari ya mashine ya zamani. Tulipoandika nambari mpya, barua zikaingia zote tatu.

Riba tuliisahihisha siku hiyo hiyo, na mama akarudishiwa pesa alizotozwa zaidi, mbele ya wenzake. Minong'ono, hata hivyo, haikufutika upesi kama hesabu. Yupo mama aliyejitoa chamani na hadi leo hajarudi.

Enyi wanafunzi mnaosomea kompyuta, msiwe wepesi wa kubomoa kila kitu barua isipofika. Ulizeni kwa utaratibu: Je, badiliko limeingia? Je, skripti imeamka? Je, barua imetoka? Je, imepokelewa? Mkipata "la" ya kwanza, hapo ndipo penye kazi.

Sisi nasi tumeweka desturi. Kila Jumatatu asubuhi seva hututumia barua fupi ya kusema ingali hai. Isipofika kufikia saa nne, mmoja wetu hupiga simu.