Daftari la Mama Mukubwa

Mpwa wangu anasoma Kindu. Desemba hii walimu wake walimpa kazi ya kuandika juu ya ukarimu na safari: mwaka unaokwisha ulikuwaje, na mwaka unaokuja utaleta nini. Akaniandikia kwenye simu kwamba sehemu ya Kabambare ameiacha tupu, kwa sababu "kule hakujawahi kuwa na biashara ya wageni." Niliposoma nilikasirika, kisha nikahuzunika. Huyu ni mjukuu wa nyumba iliyolaza nusu ya wasafiri wa barabara ya Kabambare, na hakuna aliyemwambia.

Nyumba ilikuwa Kabambare, kusini mwa Maniema, mashariki ya Kongo, kando ya barabara inayotoka Kasongo kwenda upande wa Fizi. Mwenyewe alikuwa Mama Mukubwa, dada wa kwanza wa mama yangu. Hakuweka kibao wala bei. Mbele palikuwa na baraza ndefu ya udongo, kama zilivyo nyumba za Wangwana, yaani Waswahili wa Maniema, tangu zama za misafara, na juu yake mikeka iliyokunjwa na kuegemezwa ukutani. Magharibi ikishaswaliwa, alichoma maganda ya machungwa yaliyokaushwa juani, mbu wakimbie. Moshi ule ulichanganyika na mawese yanayochemka jikoni na samaki mkavu wa Lualaba. Hadi leo nikisikia harufu ya ganda la chungwa linaloungua, natazama barabarani nione nani anakuja.

Mgeni alipotokea, kitu cha kwanza kilikuwa maji ya kunawa miguu. Ndipo Mama Mukubwa aliuliza, "Munatoka wapi? Mulikula?" Hakungoja jibu la swali la pili. Sinia la wali lilitoka, wali wa huku kwetu, na sombe, yaani majani ya muhogo, na kama ni siku ya bahati, samaki. Mfanyabiashara aliacha sabuni au chumvi, au alilipa siku ya kurudi baada ya kuuza. Mama aliyembeba mtoto mgonjwa kumpeleka hospitali ya Kasongo hakuombwa kitu. Walikuwa wengi miaka ile ya 1970, maana madaktari wa Antwerp walikuwa wakifanya kazi Kasongo, na sifa zao zilifika mbali. Ile methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu sikuisikia hata mara moja katika nyumba ile.

Na palikuwa na daftari. Mama Mukubwa hakujua kuandika, kwa hiyo sisi watoto ndio tulioandika, katika daftari la shule lenye mistari, kwa kalamu iliyofungwa uzi ili isipotee. Jina la mgeni, anakotoka, anakokwenda, yuko na nani. Kazi hiyo ilikuwa yangu kwa muda mrefu. Siku moja alikuja mwanamke kutoka upande wa Wamaza, mtoto mgongoni, akimtafuta mumewe aliyeondoka kwenda kuchimba dhahabu. Nilipekua kurasa nyuma na mbele, kidole kikifuata mistari, naye amesimama juu ya kichwa changu anapumua kwa nguvu. Nikamkuta: alipita na wenzake wawili, wanakwenda Namoya, mguu wa kushoto una kidonda. Mama Mukubwa ndiye aliyeniamuru niandike kidonda. Mwanamke yule aliketi barazani akalia, kisha akaomba chakula.

Nilipoanza kuandika haya nilikwenda kuhakiki tarehe. Reli ya Kindu hadi Kongolo ilifunguliwa mwaka 1911, na watu wa Kasongo wakawa wanavuka Lualaba kwenda kushika treni Samba. Livingstone alikuwa Kabambare mwaka 1870, vidonda vya miguu vikamlaza karibu miezi mitatu, akisaidiwa na wafanyabiashara wa kutoka pwani kama Muhammad Bogharib. Mgeni maarufu kuliko wote waliowahi kulala mji ule hakulipia chumba. Lakini Mama Mukubwa hakuhesabu kwa miaka. Alihesabu kwa wageni: mwaka wa kamyo nyingi, yaani malori, mwaka wa wachimba dhahabu, mwaka serikali ilipoyatoa maduka kwa wenye wapya na kamyo zikaanza kufa moja moja bila vipuri.

Baadaye ikaja miaka ya baiskeli. Barabara ziliharibika, vita vikakata njia, na mizigo yote ya Maniema kusini ikahamia mikononi mwa wanaume wanaotembea. Baiskeli haikupandwa. Mti mmoja ulifungwa kwenye usukani na mwingine nyuma ya tandiko, mtu anasukuma kwa wiki nzima: bidoni za mawese kwenda, chumvi na vitenge kurudi. Walilala barazani wamejibanza, kila mmoja mkono juu ya gurudumu lake. Usiku mmoja mtu mwenye bunduki aliomba asomewe majina ya waliopita. Mama Mukubwa akasema daftari limeliwa na mchwa. Kabla ya alfajiri alilitia motoni mwenyewe, pamoja na yale ya zamani yote. Tangu siku hiyo alishika majina kichwani, na alipofariki yakaondoka naye.

Yaliyofuata ni mafupi. Pikipiki zikashinda baiskeli. Kampuni ya dhahabu ya Banro ikaanza uzalishaji wa kibiashara Namoya Januari 2016, na Salamabila, karibu na mgodi huo, ikajaa vyumba vya kupangisha kwa dola; mwaka 2019 kazi ikasimamishwa, na vyumba vikabaki. Kasongo zikajengwa nyumba za wageni zenye jenereta, pazia na televisheni, kwa kutegemea watu wa mashirika. Leo unalipa kwa M-Pesa au Airtel Money, unajaza fishi ya serikali, unapewa ufunguo. Hakuna anayekuuliza kama umekula. Nililala katika nyumba moja ya namna hiyo nikiwa na homa, na hadi asubuhi hakuna aliyegonga mlango. Fishi yangu ilikuwa imejazwa vizuri sana. Ningekufa mle, wangejua namba ya kitambulisho changu.

Wanaotabiri mambo ya mwaka mpya wanasema dunia inasafiri kuliko wakati wowote. Mwaka 2024 safari za kitalii za kuvuka mipaka zilikuwa kama bilioni 1.4. Wanasema mgeni wa sasa anataka kula chakula cha wenyeji, kulala kwa wenyeji, kujua jina la aliyempikia. Hayo yanauzwa sasa kwa bei kubwa, nasi tuliyatupa wenyewe. Mwaka 2025 viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vilifungwa, treni iliyojulikana kwa siku inasubiriwa kwa wiki, na mwenye safari ya kuja kwetu anategemea barabara na watu walioko kando yake. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini kutoka Kasongo hadi Ziwa Tanganyika bado mvua ndiyo inayoamua.

Mpwa wangu nimemwambia aandike upya sehemu ya Kabambare. Nanyi mnaojenga nyumba za wageni Kasongo, Kabambare na Salamabila mwaka huu unaokuja, nawaomba mambo matatu. Jengeni baraza inayotazama barabara, si ukuta wenye vipande vya chupa. Wekeni mahali pa mama mwenye mtoto mgonjwa, kwa faranga au bure. Na mtu akifika usiku, kabla ya fishi, mpeni maji na muulizeni kama amekula.