Sultan Hamud: Dari ya jipsamu au tangi la maji?

IKIWA umewahi kusafiri kwa barabara kutoka Nairobi hadi Mombasa, basi Sultan Hamud umeipita, hata kama hukuitazama. Huenda ulikuwa umesinzia. Au labda uliamshwa na kelele za wachuuzi wa matunda dirishani, ukanunua maembe, ukaendelea na safari yako.

Safari ijayo, shuka. Si mbali. Ukishaziacha Athi River, Kyumvi, nyanda za Konza na kituo cha Salama, utakuwa umesafiri zaidi ya kilomita 100 kutoka jijini, nawe umo ndani ya Kaunti ya Makueni. Upande mmoja ni vilima vya Ukambani, upande wa pili ni mbuga za Kajiado, na sokoni utasikia Kikamba na Kimaasai vikinunuliana mbuzi.

Jina la mji huu lina kisa chake. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Nairobi mwaka wa 1899. Ilipokuwa ikipita hapa, Sultani wa Unguja, Hamud bin Mohammed, alikuja kujionea kazi hiyo, na kituo kikapewa jina lake. Hamud alitawala tangu 1896 hadi alipofariki mwaka wa 1902. Leo abiria wa treni hawashuki tena hapa. Tangu reli mpya ya SGR ilipofunguliwa mwaka wa 2017, ukitaka kuja kwa treni itakubidi ushukie Emali, kisha upande matatu urudi nyuma kidogo.

Lakini mimi sikuja kutazama reli. Nilikuja kutazama nyumba.

Vua viatu, tuingie

Ukiiacha barabara kuu na kufuata njia ya vumbi jekundu, utaziona nyumba mpya zikichipuka kati ya mibono na migunga. Paa ni za mabati ya rangi: nyekundu iliyokolea, kijani, nyeusi. Madirisha ni mapana. Wengi wa wenye nyumba hizo ni watu waliofanya kazi Nairobi au Mombasa miaka mingi na sasa wanarudi nyumbani, ambako Wakamba hukuita musyi.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi vua viatu, tuingie.

Je, unaikumbuka sebule ya miaka ya tisini? Kochi nzito zilizofunikwa vitambaa vya kufuma, kabati kubwa la ukutani lenye vioo, vikombe vya wageni ambavyo mtoto hakuruhusiwa kuvigusa, na kalenda ya duka. Yote hayo yamepitwa na wakati. Sebule mpya ina dari ya jipsamu iliyokatwa ngazi ngazi, na ndani ya ngazi hizo zimefichwa taa za LED zinazobadilika rangi. Televisheni haikai mezani tena. Imebandikwa ukutani, na nyuma yake kuna mbao za plastiki zenye mifuo kama mabati yaliyosimamishwa wima. Sakafu ni ya vigae, au taili kama mafundi wanavyoziita, zinazong'aa hadi unajiona uso. Ukuta kati ya jikoni na sebule umeondolewa, na mahali pake pana kaunta ya graniti na viti virefu.

Ni maridadi, sikatai. Picha za nyumba kama hizi hutumwa kwa simu kutoka kwa mtoto aliye Nairobi hadi kwa mzazi aliye kijijini, zikifuatwa na maneno machache: "Mama, hii ndiyo tunataka."

Saa nane mchana

Wenyeji wangu walikuwa mume na mke, wote waliokuwa walimu na sasa wamestaafu. Walikuwa wameijenga nyumba yao kwa malipo ya uzeeni, chumba baada ya chumba, na nilipowatembelea mwezi wa Agosti ilikuwa imebaki kumaliziwa ndani. Pesa zilizosalia zilitosha jambo moja kubwa. Ama waweke dari ya ngazi pamoja na taa zake, ama wanunue tangi kubwa la maji na kufunga gata kuzunguka paa lote.

Hapo ndipo mvutano ulipokuwa. Mume alitaka dari. Sababu yake haikuwa ya kitoto: binti yao anachumbiwa, na wakwe walitarajiwa Desemba.

"Utawakalisha wakwe chini ya mabati matupu, Mama?" aliuliza.

"Mwalimu," mkewe akamjibu taratibu, "mgeni akiingia hatazami juu kwanza. Huomba maji."

Nilicheka, lakini wao hawakucheka. Nikaelewa kwamba mazungumzo hayo hayakuwa yameanza siku hiyo.

Ilipofika saa nane mchana, jua likiwa kali, tulipelekwa kwa jirani aliyekwisha kumaliza nyumba yake, ili nami niione dari iliyokuwa ikizungumzwa. Nayo ilikuwa nzuri kweli kweli. Ajabu ni kwamba sebuleni hamkuwa na mtu. Dari ilikuwa imeshushwa mno, paa lilikuwa jeusi, dirisha kubwa la kioo lilielekea magharibi na halikuwa na kivuli chochote. Joto lilikuwa limejikusanya ndani kama la kwenye tanuri. Familia nzima ilikuwa nje chini ya mwembe, kwenye viti vya plastiki, ikisikiliza Musyi FM.

Naam, hilo ndilo jambo ninalotaka ulitafakari, msomaji. Kuna nyumba zinazopambwa zikapigwa picha, na kuna nyumba zinazokalika. Sultan Hamud si Nairobi. Hapa kuna mambo matatu yanayoingia nyumbani kabla ya mgeni yeyote: joto, vumbi na ukosefu wa maji. Pambo lisiloyajali hayo matatu litakufukuza ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Fundi alivyoamua

Aliyewatoa wenyeji wangu gizani ni fundi wa dari, kijana aliyejifunzia kazi Nairobi. Alieleza kwamba dari si anasa hata kidogo. Nyumba ya mabati isiyo na dari huwa moto mchana na baridi usiku, kwa maana hewa iliyo kati ya bati na dari ndiyo inayozuia joto lisishuke. Kinachogharimu pesa nyingi ni zile ngazi, mikunjo na taa.

"Dari ya kawaida, iliyonyooka, yenye rangi nyeupe, inafanya kazi ile ile," alisema. "Bora tu uiweke juu kabisa, na kwenye kuta za pembeni chini ya paa uache matundu hewa ya moto itoke. Lakini gata iwe nzuri na bati lisivuje, kwa sababu jipsamu na maji havipatani."

Mume alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza bei ya hiyo iliyonyooka.

Wakati wanapiga hesabu ya dari, nami nilipiga hesabu ya maji. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lao lina urefu wa mita 12 na upana wa mita 10, yaani mita za mraba 120. Mvua moja ya milimita 20 inaliletea paa hilo lita 2,400. Hata sehemu ikimwagika na kupotea, bado utabaki na kama lita 2,000, ambazo ni mitungi 100 ya lita 20. Mitungi 100 kwa mvua moja! Hapa mvua inayotegemewa zaidi ni ile ya Oktoba hadi Disemba. Anayefunga gata Januari amechelewa.

Tena kuna deni tunalodaiwa sote tunaojenga. Ile plasta laini tunayoisifu ukutani imechanganywa na mchanga, na mchanga mwingi uliojenga Nairobi umechotwa katika mito ya Ukambani. Mito hiyo hukauka juu, lakini maji hubaki yamejificha ndani ya mchanga, na akina mama huyachimbua wakati wa kiangazi. Mchanga ukiisha, maji nayo huondoka. Ndiyo maana Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka wa 2015. Anayeweka tangi hapa anarudisha kidogo cha kile alichochukua.

Somo kutoka Unguja

Kwa kuwa mji huu una jina la sultani wa Unguja, hebu tuutumie udhuru huo kutazama nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu. Wajenzi wa zamani hawakuwa na umeme, na pwani ni joto kuliko hapa. Walifanyaje? Waliinua dari juu. Walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na kuzipaka chokaa nyeupe. Waliacha ua katikati ili hewa ipite. Na kwa pambo, walichonga vidaka ndani ya plasta ya ukuta, safu juu ya safu, wakapanga humo bakuli za kaure kutoka Uchina.

Sasa itazame tena ile rafu ya jipsamu yenye vishimo vya taa nyuma ya televisheni. Si ni kidaka kile kile? Tofauti ni kwamba kidaka cha Lamu kilichongwa katika ukuta uliokwisha kuituliza nyumba. Pambo lilikuja baada ya kazi.

Hata humu Ukambani hazina ipo. Kyondo cha katani, kile ambacho nyanya yako alibebea mahindi, leo hutundikwa ukutani katika nyumba za kifahari za Nairobi na ng'ambo. Wachongaji wa Wamunyu, katika kaunti jirani ya Machakos, wamekuwa wakichonga vinyago na vigoda kwa zaidi ya miaka 100 sasa. Kwa nini basi mtu wa Makueni anunue ua la plastiki, wakati pambo ambalo wenzake ng'ambo hulitafuta limo kwa jirani yake?

Kabla hujamwita fundi

Ukiwa nawe unajenga, au mzazi wako anajenga, zingatia haya machache. Madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la jioni lisipate mlango wa kuingia. Yale ya magharibi yawekee baraza au mti. Bati la rangi hafifu hunyonya joto kidogo kuliko jeusi. Unaponunua mabati, kumbuka kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 32, ingawa namba yake ni ndogo. Taili zinazong'aa ziache ukutani. Sakafuni, hasa bafuni na barazani, weka zilizo na ukwaruzo, kwani mzee akiteleza huenda asiinuke vizuri tena. Jiko la kuni na makaa lisiwe katika jikoni iliyofunguka hadi sebuleni, ama sivyo ile dari nyeupe itakuwa nyeusi kabla ya mwaka kwisha. Na mbao za plastiki za ukutani ziwe mbali na moto wowote.

Zaidi ya yote, kabla hujaiga picha ya simu, ingia katika nyumba ya mtu saa nane mchana. Ikiwa wenyewe wamo ndani, iga. Ikiwa wako chini ya mwembe, shukuru, unywe chai, uende zako.

Jioni nilipokuwa nikisubiri matatu ya kurudi Nairobi, mwalimu alinisindikiza hadi barabarani. Aliniambia wameamua: dari nyeupe iliyonyooka, gata pande zote, na tangi, ingawa si lile kubwa alilolitaka mkewe. Mafundi wangeanza msingi wa tangi kesho yake, ili mvua isiwapite. Taa za rangi zitangoja.

"Na wakwe je?" nikamuuliza.

Alitabasamu. "Mama amekwisha kuwapangia. Ukutani vyondo vitatu vya mama yake mzazi, na mezani jagi la maji baridi."

Matatu ilisimama. Nilipanda, na safari hii sikusinzia.