Kadi ya Kliniki Si ya Mama Peke Yake

Mke wangu alipokuwa na mimba ya miezi saba ya mtoto wetu wa kwanza, miguu yake ilivimba hata viatu vikamkataa. Nilimcheka, nikasema ndiyo kawaida ya waja wazito. Usiku mmoja alilalamika kwamba kichwa kinamgonga na kwamba anaona vimulimuli mbele ya macho. Nikampa vidonge vya maumivu, nikageukia ukuta.

Alfajiri jirani yetu, mama mtu mzima, alimwona uso umemvimba. Hata salamu hakunipa. “Mwanangu, tafuta gari,” alisema.

Hospitalini shinikizo la damu lilikuwa 170 kwa 110, na mkojo ulikuwa na protini. Muuguzi alifungua kadi, akauliza kwa nini mahudhurio mawili hayakuandikwa. Niliinamisha kichwa, mimi ndiye niliyemwambia aache foleni, apumzike nyumbani. Alidungwa sindano za magnesiamu kuzuia kifafa cha mimba, na mtoto akazaliwa kabla ya siku zake. Wote wawili wako hai. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Tangu siku hiyo nimejifunza mengi. Shinikizo likifika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20 ya mimba, hiyo ni hatari, hata kama mama hasikii maumivu yoyote. Vyanzo vyake ni vingi, na kimojawapo ni upungufu wa madini ya kalsiamu, yaani yale ya chokaa. Mwaka 1980 madaktari José Belizán na José Villar waliandika kwamba akina mama wa Kimaya wa Guatemala, ambao huloweka mahindi yao katika maji ya chokaa kabla ya kuyapika, waliugua kifafa cha mimba kwa nadra licha ya umaskini wao. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani linashauri wajawazito wa sehemu zenye upungufu wapewe vidonge vya kalsiamu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2024, ulioshirikisha akina mama 11,000 wa mimba ya kwanza jijini Dar es Salaam, ulionyesha kwamba miligramu 500 kwa siku hazikuwa duni kuliko 1,500.

Basi mama mjamzito na amwulize muuguzi juu ya vidonge hivyo, na asivimeze saa moja na vile vya kuongeza damu. Nyumbani ale dagaa pamoja na mifupa yake, na maziwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Lakini chakula hakichukui nafasi ya kipimo.

Nawe baba mwenzangu, jioni ya leo iombe kadi ya mkeo, uisome. Ukikuta safu tupu, kesho omba ruhusa kazini, umsindikize. Mimi sikuisoma, na nusura niisome nikiwa mjane.