Pampu, viraka na kibano cha nyusi

Jamani, wapanda baiskeli za mashindano wana ugonjwa mmoja: kuhesabu gramu. Utamkuta mtu Dar anajisifu kwamba pampu ameiacha nyumbani ili baiskeli iwe nyepesi. Sawa, Dar kila kona kuna fundi. Aje huku aendeshe kutoka Lusahunga mpaka Rusumo, kilometa 92, halafu tuongee.

Upande wa Biharamulo sehemu kubwa ni pori. Miaka ya 2000 mabasi yalikuwa yakisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi. Hali siyo ile tena, lakini nani anataka kusukuma baiskeli humo gizani?

Na pancha za huku hazitokani na miiba peke yake. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanapasua matairi, vipande vinabaki pembeni mwa lami, na ndani yake mna waya mwembamba kama unywele. Ukiukanyaga umekwisha. Ndiyo maana chini ya siti yangu, pamoja na viraka, msasa, solusheni na tyubu mbili, kuna kibano cha nyusi, kile wanachotumia dada zetu. Cheka tu. Usipouchomoa ule waya kwenye tairi, unaziba tundu moja na kutoboa jingine palepale.

Ninabeba pia kichwa kidogo cha shaba cha kufunga juu ya valvu. Valvu zetu ni nyembamba, mashine za upepo za malori hazizishiki. Ukiwa na kichwa hicho, fundi yeyote wa matairi ya malori anakujazia. Mwambie tu aende taratibu, mashine zile hazina huruma.

Mwezi uliopita, kabla ya kufika Benaco, nikamkuta mzee na Phoenix yake, mikungu mitatu ya ndizi nyuma, tairi limelala. Mnunuzi alikuwa anamsubiri Benaco na gari, na gari linaondoka saa kumi. Baada ya hapo ndizi ni za kubembeleza wateja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Una pampu?"

Tukashusha mikungu. Maji hatukuwa nayo, akalitafuta tundu kwa kusogeza tyubu mdomoni mpaka upepo ukampuliza. Nikabandika kiraka. Wengi hawajui kwamba pampu ya valvu zetu nyembamba inashika pia valvu zile za zamani za Phoenix. Mzee akaigeuzageuza, akauliza kama ni ya mtoto. Tukapokezana kupampu mpaka mikono ikawaka. Tairi nene, pampu kama kalamu, mtajaza wenyewe.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Mteremko ulipoanza mzee akaniaga, akaachia breki. Mimi na wepesi wangu wote sikumpata.