Mpaka ukibadilika usiku, mama wa soko ataambiwa na nani?

Kwetu Goma, msafiri wa biashara ana kitenge kiunoni, beseni kichwani, pengine na mtoto mgongoni, na franga alizochukua jana kwenye likelemba. Anatoka Birere au Mapendo saa kumi na moja ya asubuhi, anavuka kwenda Gisenyi kutafuta nyanya, karoti, viazi na maziwa, na kabla ya saa sita anataka awe amesharudi sokoni. Safari yake haizidi kilometa chache. Lakini masharti ya safari hiyo yamebadilika mara nyingi sana katika miaka hii, na karibu kila mara yeye ndiye wa mwisho kuambiwa.

Ndugu wasikilizaji, na ninyi familia mliohamishwa na vita ambao mnatufuata kutoka Sake, Kitshanga, Nakivale na kwingine, leo sileti habari ya mapigano. Nataka tuongee juu ya mpaka, kwa sababu chakula cha nyumba nyingi hapa mjini kinapita pale.

Mimi mwenyewe minervali yangu ya sekondari ilitoka ndani ya beseni. Mama yangu alikuwa akivuka Petite Barrière, ile tunayoita barieri ndogo, kila siku isipokuwa Jumapili. Wakati ule mambo yalikuwa mepesi: unaonyesha kadi yako ya kura, unapewa jeto, karatasi ya siku moja, unavuka, unarudi kabla ya kufungwa. Urahisi huo haukuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1976, kule kule Gisenyi, Congo, Rwanda na Burundi ziliunda jumuiya ya CEPGL, na moja ya mawazo yake ilikuwa watu wa nchi hizi tatu waweze kutembeleana na kufanya biashara bila karatasi nyingi. Kabla ya Covid, watu karibu 50,000 walikuwa wakihesabiwa kwa siku kwenye barieri hiyo ndogo. Wengi wao ni wamama. Wengine ni ndugu zetu wenye ulemavu, wale wa baiskeli za magurudumu matatu, ambao wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa kuvusha mizigo.

Tangu nianze kazi ya redio nimeona barieri hiyo ikibadilika mara nyingi, na kila mara kulikuwa na sababu.

Mwezi wa saba 2019, Ebola ilifika Goma kutoka upande wa Butembo. Tukaanza kupimwa joto na kunawa mikono kwenye mapipa, na sawa, ilikuwa lazima. Lakini tarehe 1 mwezi wa nane, asubuhi, Rwanda ilifunga mpaka. Ulifunguliwa siku ile ile, baada ya masaa. Kwa mtu wa ofisi, masaa yale si kitu. Kwa mama aliyekuwa ng'ambo na maziwa mabichi, ni siku nzima ya jasho iliyomwagika chini.

Mwezi wa tatu 2020 ikaja Covid. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, lakini mtu wa miguu akasimamishwa. Wamama wakajifunza kujikusanya kwa vikundi: wanaunganisha franga zao, mzigo unaagizwa pamoja, unavushwa kwa gari, halafu wanagawana upande huu. Waliokuwa na franga za kuingia kikundi waliendelea. Wenye mtaji wa dola kumi au kumi na tano walikaa nyumbani wakaula ule mtaji. Ndugu wa baiskeli za magurudumu matatu ndio walioumia kuliko wote, kwa sababu kazi yao ilikuwa ni kuvuka kwenyewe. Rwanda ilifungua tena mipaka yake ya nchi kavu tarehe 7 mwezi wa tatu 2022, karibu miaka miwili baadaye.

Katikati ya hapo, usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ililipuka. Maelfu ya wakaaji wa Goma walikimbilia Gisenyi usiku ule na magodoro kichwani. Mpaka ulikuwa umefungwa kwa ajili ya Covid, lakini watu walipita. Nalikumbusha jambo hilo kwa sababu linaonyesha kwamba wakubwa wakitaka, sharti linaweza kulegezwa kwa saa moja tu, na habari ikawafikia watu wote.

Halafu mwezi wa sita 2022. Tarehe 17, askari wa Congo aliuawa kwa risasi pale kwenye barieri ndogo, na upande wetu ukaamua mpaka ufungwe saa tisa ya mchana. Pigeni hesabu wenyewe. Mama anayevuka saa moja asubuhi, akapanga foleni, akafika soko la Gisenyi saa tatu, akarudi na kukuta foleni nyingine, hawezi tena kufanya safari mbili. Faida ya safari ya pili ndiyo iliyokuwa inalipa nyumba. Ile ya kwanza ni ya kula tu.

Ajabu ni kwamba mwaka huo huo, tarehe 8 mwezi wa nne, Congo ilikuwa imetia saini ya kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwenye mikutano tulisikia juu ya soko moja na watu kutembea huru. Kwenye barieri, saa zilikuwa zinapungua.

Sasa tangu mwezi wa kwanza 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa na mabanki yakafunga milango. Hapo hata mfanyabiashara mkubwa alianza kuonja kile mama wa soko alichokuwa akikijua. Zamani mtu wa Goma alipanda ndege asubuhi, akalala Kinshasa, na mfukoni hana zaidi ya kadi ya kura. Na kwenda Butembo na Beni alikuwa anapanda basi kupitia Rutshuru na Kanyabayonga. Barabara hiyo vita viliivuruga hata kabla mji haujachukuliwa.

Namfahamu kijana mmoja anayeuza vipuri vya moto. Ili afike Beni, ilimbidi atoke Goma aingie Rwanda, atoke Rwanda aingie Uganda, atoke Uganda kwa Mpondwe aingie Kasindi. Ni mihuri sita kwenye pasipoti, nauli ya mabasi matatu, na usiku wa kulala njiani, ili atoke Kivu Kaskazini afike Kivu Kaskazini. Asiye na pasipoti hana safari. Na Wakongo wangapi wana pasipoti? Kwa miaka mingi ilikuwa inauzwa dola 185, bei ambayo mchuuzi wa mboga hawezi hata kuiota.

Lakini wanaonitia uchungu zaidi ni ninyi ndugu zetu mliokimbia Masisi na Rutshuru. Wengi mlikaa Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, na mwezi wa pili 2025 kambi hizo zikavunjwa, mkatawanyika tena. Kadi ya kura ya huyu iliungua ndani ya nyumba, ya yule iliibiwa njiani, ya mwingine imelowa mvua mpaka picha haionekani. Katika nchi yetu kadi ile ndiyo kitambulisho. Asiye nayo hapati jeto. Basi anamlipa mwenye kadi amvushie mzigo, na faida inabaki kwa mwenye kadi. Au anapita njia za panya usiku, na huko akikamatwa mzigo unapotea, na kuna wengine waliopotea wenyewe.

Nimesimama mara nyingi pale barieri na maikrofoni yangu, na sentensi ninayoisikia kuliko zote ni hii: "Mama, ile ilikuwa ya jana. Leo tunaomba ingine." Karatasi ya jana leo haifai. Saa ya kufunga imesogea. Cheti fulani cha afya kinatakiwa. Mama anatazama huku na huku, anauliza nani alisema, na hakuna anayemjibu. Foleni inasukuma nyuma yake.

Sisemi masharti yote ni mabaya. Ugonjwa ni ugonjwa, na risasi ni risasi. Nchi ina haki ya kulinda mlango wake. Ninalolilalamikia ni namna ya kutangaza. Uamuzi unachukuliwa usiku, unaandikwa kwa Kifaransa, unatembea kwenye simu za wakubwa, na mama wa Birere anaufahamu akiwa ameshafika na beseni. Nyanya hazisubiri barua. Mkopo wa likelemba hausubiri pia. Kama sharti jipya lingetangazwa hata siku moja kabla, kwa Kiswahili na Kinyarwanda, redioni na kwa kipaza sauti sokoni Virunga na Birere, hasara nyingi zisingetokea, na usalama usingepungua hata kidogo. Ule usiku wa volkano ulituonyesha kwamba habari inaweza kukimbia.

Kwa hiyo nawaomba wenye mamlaka wa pande zote mbili: bandikeni pale pale barieri orodha ya karatasi zinazotakiwa, saa za kufungua na kufunga, na kila kinacholipwa na kiasi chake. Kisichoandikwa pale kisiombwe. Na kwa waliopoteza kadi vitani, itafutwe karatasi ya muda inayokubalika pande zote mbili, isiyomgharimu mtu mtaji wake.

Na wakati tunasubiri, wamama na wapapa, tushike haya machache.

Kabla ya kuchukua mkopo wa mzigo, muulize mtu aliyevuka jana jioni, si aliyevuka wiki iliyopita. Kama wewe ndiye wa kwanza kuona badiliko, mpigie mwenzako wa kikundi, naye ampigie mwingine.

Piga picha kadi yako, pasipoti na karatasi za watoto, uzitume kwa ndugu aliye mbali. Simu ikiibiwa, picha itabaki. Picha haivushi mtu, lakini inasaidia sana unapoomba cheti cha kupotelewa na vitambulisho.

Kwa wanaosafiri mbali kupitia Rwanda na Uganda: karti ya njano ya chanjo ya homa ya manjano haina mwisho. Tangu mwezi wa saba 2016, chini ya kanuni za afya za kimataifa, chanjo moja inahesabiwa kwa maisha yote, hata kama kartini mwako pameandikwa miaka kumi. Mtu asikwambie imeisha ili ulipe. Lakini kama ndiyo mara yako ya kwanza, uchanjwe mapema, kwa maana karti inaanza kukubalika siku ya kumi baada ya chanjo.

Usimwazime mtu kadi yako, wala usivuke kwa kadi ya mwingine. Siku ya fujo, mtu anayesoma jina hilo hatajua kwamba mlikuwa mnasaidiana.

Na ukilipa kitu, omba risiti. Omba kwa adabu, bila kugombana. Mara nyingine, neno "risiti" peke yake linapunguza bei.

Wamama wa mipaka wamekuwa wakilisha mji huu wakati wa Ebola, wa Covid, wa volkano na wa vita. Hawajaomba mpaka uondolewe. Wanaomba waambiwe mapema, kwa lugha wanayoisikia, ili wasibebe beseni bure. Sisi wa redio tutaendelea kupita pale kila asubuhi kuuliza saa na karatasi za siku hiyo na kuzisoma kwenye habari za kwanza. Wewe uliye njiani usiku huu, ukikuta badiliko huko Kasindi, Cyanika au hapa kwetu, tuma ujumbe kabla hujalala. Kuna mtu anafunga mzigo wake saa hizi.