Ndugu Wawili na Kasheshe ya Pigo la Bure

Nyumba nyingine hutikiswa na pesa, nyingine na wivu. Ya kwetu ilitikiswa na zimwi, tena zimwi lenyewe halipo! Liko kwenye mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons, na kwa ajili yake mume wangu na mdogo wake walinuniana wiki tatu nzima, mpaka mama mkwe akaanza kuniuliza kulikoni.

Kwa wasioufahamu, huu ni mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja wenu anakuwa mwongozaji, anasimulia hadithi na kuyachezesha mazimwi. Wengine kila mtu ana mhusika wake: mpiganaji, mchawi, mwizi na kadhalika. Ukitaka kufanya jambo ambalo halina uhakika, unarusha dadu yenye pande 20. Kwenye mapambano kila mtu ana zamu yake, na mzunguko mzima wa zamu huhesabiwa kama sekunde 6 tu ndani ya hadithi.

Mume wangu aliujulia Minnesota alipokuwa akisoma, enzi za kitabu cha mwaka 2003. Shemeji yangu alijifunza hapa hapa Dar, kwa toleo la tano lililotoka mwaka 2014. Hicho cha 2014 ndicho tulichokuwa tukikitumia kila Jumamosi, na mwongozaji ni mume wangu.

Sasa sikia. Mpiganaji wa shemeji, aliyemlea kwa miezi minane, alikuwa amebanwa na zimwi uso kwa uso, hali mbaya. Shemeji akasema, "Nakunywa dawa." Mume wangu akajibu haraka, "Unakunywa dawa mbele ya adui? Zimwi linapata pigo la bure." Akarusha dadu, pigo likaingia, mpiganaji akaanguka. Shemeji akarusha dadu za kuokoa maisha, akakosa mara tatu. Basi, amekufa. Shemeji akakusanya dadu zake, akaaga kwa upole mno, akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Kazi yangu ni kuhariri, na ukinipa watu wawili wanaobishana juu ya maandishi, nitataka kuyaona maandishi yenyewe. Nikavitafuta vitabu vyote viwili, nikakaa navyo sebuleni. Jamani, kumbe kila mmoja alikuwa na haki yake!

Kwenye kitabu cha 2003, adui aliye karibu hupata pigo la bure kwa mambo mengi: ukinywa dawa, ukifyatua upinde, ukisoma uchawi bila tahadhari, hata ukijiinua kutoka chini. Kwenye kitabu cha 2014 karibu yote hayo yameondolewa. Pigo la bure linakuja pale tu unapotoka kwenye eneo ambalo adui anayekuona anaweza kukufikia. Ukimzunguka bila kutoka humo, hakuna kitu. Ukitumia zamu yako kujitoa kwa tahadhari, hakuna kitu. Ukisukumwa na mtu mwingine, hakuna kitu. Na adui mwenyewe ana pigo hilo moja tu mpaka zamu yake irudi. Mwenye upinde akibanwa hapigwi bure, ila anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo. Dawa unakunywa kwa amani, gharama yake ni kitendo chako cha zamu hiyo. Toleo jipya la mwaka 2024 limelegeza zaidi: kunywa dawa ni kitendo kidogo cha nyongeza, na bado unaweza kupiga.

Nikayaandika yote kwenye karatasi moja, herufi kubwa, nikampelekea kila mmoja. Nilidhani mambo yamekwisha. Wapi! Mume wangu akasema, "Lakini mwongozaji ndiye mwenye neno la mwisho, imeandikwa." Ni kweli, imeandikwa. Nikampigia shemeji, naye akaniambia jambo lililonikaa moyoni mpaka leo: "Shem, mimi sigombei mpiganaji. Tangu tukiwa watoto kaka ndiye anayezijua sheria, na mimi nazijua nikishapigwa."

Hapo nikaelewa tulikuwa tunatibu kidonda kingine kabisa. Nilimfikishia mume wangu maneno hayo kama yalivyo, bila kuongeza chumvi. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akachukua funguo za gari akaenda kwa mdogo wake. Waliongea nini sijui, na sikuuliza.

Jumamosi iliyofuata shemeji alikuja na mhusika mpya. Yule wa zamani hakufufuliwa, mwenyewe alikataa. Lakini tuliongeza mistari mitatu chini ya karatasi yangu. Kwanza, kitabu kinachotumika ni kilichopo mezani. Pili, mwongozaji akitaka kutumia sheria yake anaitaja kabla dadu haijarushwa, ili mchezaji aweze kubadili mawazo. Tatu, ubishi ukitokea anaamua yeye, mchezo unaendelea, na rufaa inasikilizwa baada ya chakula.

Ndugu msomaji, huenda huchezi na wala hutacheza. Lakini nyumbani kwako zipo sheria ambazo hazijawahi kutamkwa: nani anaamua wageni walale wapi, wazazi watumiwe kiasi gani, simu ya mwenzako inashikwa au haishikwi. Wewe ulikulia na kitabu cha kwenu, mwenzako cha kwao. Kuwa na neno la mwisho si vibaya, mradi mwenzio alilisikia kabla ya kunywa dawa yake.