Jicho Moja Kubwa, Jingine Dogo

Nilikuwa mgonjwa, tena ugonjwa wa kuchekesha: tetekuwanga! Nilijua ni mambo ya watoto wa chekechea, kumbe ikimkuta mtu mzima ndiyo inamkomoa. Vipele mpaka kwenye kope. Shangazi akaniogesha maji ya mwarobaini hapa hapa Tandika, mimi na digrii yangu.

Vipele vilipokauka nikashangilia. Siku ya nne jicho la kulia likawa jekundu, mwanga unachoma kama pilipili, maandishi yana ukungu. Nikajipa moyo kuwa ni "macho mekundu" kama yale yaliyovuma Dar mwanzoni mwa 2024. Duka la dawa mtaani wakaniuzia matone bila swali hata moja. Bahati nzuri nikasoma kikaratasi kwanza: steroidi. Nikaghairi, nikapanda daladala kwenda hospitali, leso jichoni.

Daktari akaniweka kidevu kwenye ile mashine yenye taa. Akasema kiduara cha rangi kinachozunguka mboni kimevimba. Kikivimba hivyo, mboni husinyaa, na kiduara kinaweza kugandana na lenzi iliyo nyuma yake. Kikigandana pande zote, maji ya ndani ya jicho hayapiti, presha inapanda, na mtu anaweza kupofuka. Utani ukaniishia. Kazi yangu yote ni kusoma na kuandika, jamani.

Akaniandikia atropini. Inapanua mboni ili kiduara kisigande, na kuupumzisha msuli wa ndani unaouma. Steroidi nazo alinipa, ila baada ya kukagua kioo cha jicho na kuona hakina kidonda cha virusi. Kama kingekuwepo, zile za dukani zingekichochea.

Sasa atropini haina haraka ya kuondoka. Mboni inaweza kubaki wazi wiki nzima na zaidi. Eti zamani wanawake wa Italia walijitia maji ya mmea wake ili wapendeze! Mimi konda alinitazama, akasahau kudai nauli.

Halafu kirusi chenyewe hakitoki mwilini. Kinajificha kwenye mishipa ya fahamu, na miaka baadaye kinaweza kurudi kama mkanda wa jeshi, hata kwenye paji la uso hadi jichoni. Mitaani kwetu ukiupata tu, watu wananong'ona "ngoma", wakati yeyote aliyewahi kuugua tetekuwanga anaweza kuupata.

Jumatatu narudi kupimwa presha ya jicho. Mhariri anauliza kwa nini navaa miwani ya jua ndani ya ofisi. Nimemwambia asome hapa.